Namna ya kutumia "limit" na ndugu zake bila mgeni kukoga pasipokogwa

Assalaam alaykum jamani. Hii nawaandikia vijana wenzangu wa boti, wa mapokezi, wa jikoni, na wale wanaotembeza wageni Mji Mkongwe, kwa sababu kuna neno moja la Kizungu liliniaibisha na sitaki limuaibishe mwengine. Neno lenyewe ni limit. Ndiyo, hilohilo tunalolisema kila siku, limiti ya bando, spidi limiti, limiti ya kutuma pesa kwa simu, na kwa vile tunalisema kila siku ndo tunadhani tunalijua.

Kisa kilikua hivi. Nlikua nafanya kazi hoteli moja pwani ya kusini, jina naliacha, na mbele ya hoteli pana njia ya maji zinapopita boti za kwenda kuangalia pomboo. Meneja akaniita akanambia weye si umesoma, hebu andika kibao wageni wasikoge pale, wataja kukatwa na mashine. Nikatafuta ubao, nikapaka rangi nyeupe, nikaandika kwa herufi kubwa nyeusi SWIMMING IS LIMITED HERE, nikasimama mbali nikakitazama na nikajiona mtu kweli. Kichwani mwangu limited ni "imezuiwa", mambo yamekwisha. Kesho yake asubuhi natoka nakuta mama mmoja wa Kiingereza na mumewe wamo katikati ya njia ya boti wanaogelea, kila baada ya muda wanatoka wanatizama saa halafu wanarudi. Nikawaita, nikawaonyesha kibao kwa kidole. Yule mama akanijibu kwa adabu zote, "Yes, we saw it. We're only staying in for five minutes at a time." Yaani waliisoma sheria yangu na wakaifuata! Nahodha wetu, mtu mzima, alipotafsiriwa alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na kuanzia siku ile akawa haniiti jina langu, ananiita Limitedi.

Basi fuata hatua hizi, zote nimezijaribu.

Hatua ya 1: usikimbilie Kizungu, uliza kwanza mwamba umefungwaje

Shida inaanzia kwetu, sio kwa Waingereza. Siye tuna "kuzuia" na neno hilo linabeba kila mzigo, mtu akikwambia "nimezuiwa bandarini" inaweza kuwa kakatazwa kusafiri kabisa, au kaambiwa mzigo umezidi, au kaambiwa asubiri hapo mpaka aje mkubwa. Kizungu kinayatenga haya matatu na kila moja lina neno lake. Kwahiyo kabla hujafungua mdomo jiulize kwa Kiswahili: hapa nataka kusema nini hasa?

Mie huwaza pweza. Mnajua Kisiwa Panza kule Pemba na Kizimkazi huku Unguja watu wa pwani wana utaratibu wa kufunga mwamba, mara nyingi miezi 3, ili pweza wapate kukua, maana pweza anakua haraka mno, ukimuacha miezi miwili mitatu tu si yule tena. Mwamba ukifungwa umefungwa, hakuna kuchokoa hata mmoja, hata bamvua lije la namna gani na mawe yote yawe nje. Hiyo ni ban. Sasa tuseme mwamba umefunguliwa ila kwa masharti, wanaingia wa kijiji hiki tu, na mchokoo tu, hakuna bunduki za kupigia samaki. Hiyo ni restrict. Halafu tuseme masharti hayo hayapo, aingie atakae, ila kila mtu mwisho pweza wanne. Hiyo ndo limit.

Kwa ufupi limit inajibu "ngapi?", restrict inajibu "nani, wapi, kwa namna gani?", na ban inajibu "hapana". Mistari inavuka kidogo, ntakuja kuonyesha wapi, lakini ukiwa na swali hili la mwamba kichwani huwezi kuandika kibao kama changu.

Hatua ya 2: limit ni kiasi, sio katazo

Asili yake neno hili ni Kilatini, limes, maana yake mpaka wa shamba, ile njia inayopita kati ya konde yako na ya jirani. Mpaka haukukatazi kulima. Unakwambia lima, lakini ukifika hapa simama. Ukilielewa hilo umemaliza nusu ya kazi.

Linatumika kama jina na kama kitendo. Kama jina linakaa na on: "There's a limit on luggage", mzigo una kiwango chake. Kama kitendo linakaa na to: "We limit each boat to eight people", kila boti tunapakia mwisho watu wanane. Hapa ndo tunapokosea sana, tunasema "we limit eight people" na mgeni anabaki anakutazama, maana alichosikia ni kwamba kuna watu wanane wamewekewa mipaka fulani, yupi na kwa kosa gani hajui. Hiyo to usiiache. Kinachowekewa kiasi kinakaa kabla yake, namba inakaa baada yake.

Mifano ya kazini, ichukueni kama ilivyo. Anaepanda ndege ndogo za kwenda Pemba au bara: "The luggage limit is fifteen kilos", kama kampuni yenyewe kiwango chake ni kilo 15, angalia tiketi maana kila moja na yake. Uwanja wa ndege, vitu vya majimaji kwenye begi la mkononi: "The limit is 100 millilitres per bottle", na hapo watu wengi wetu asali na mafuta ya karafuu yamebaki kwa wakaguzi. Mgeni anauliza intaneti ya hoteli: "Is it unlimited?", mjibu ukweli, kama inakata ikifika kiasi fulani basi mwambie "No, there's a daily limit".

Sasa kuna limited ikisimama peke yake kama sifa. Hapo maana inageuka kuwa chache, haba. "Seats are limited" ni nafasi chache, wahi. "My English is limited" ni Kizungu changu kidogo, na hii ni jumla, yaani sentensi, nzuri sana ya kujitetea, ya adabu kuliko kusema "I don't know English" wakati umeshaisema kwa Kizungu. Na ile Limited au Ltd kwenye vibao vya makampuni pale mjini haina maana kampuni imezuiwa wala ni ndogo. Maana yake kampuni ikifilisika, wenye hisa hasara yao inaishia kwenye kile walichotia, wenye kuwadai hawaendi kuwachukulia nyumba na mashamba yao. Ni dhamana yao ndo yenye mpaka. Nimeshamsikia mtu akisema usifanye kazi pale, si unaona wenyewe wameandika limited.

Hatua ya 3: kwenye barabara kuwa makini, hapa mtu anaweza kufa

Hii naiweka pembeni kwa sababu sio lugha tu. Uingereza speed limit wanahesabu kwa maili, sio kilomita. Mjini kwao kawaida ni maili 30 kwa saa, ambayo ni kama kilomita 48, Wales tangu 2023 sehemu nyingi za makaazi wameshusha mpaka maili 20, na kwenye barabara zao kuu ni maili 70. Sasa mgeni wa Kiingereza kakodi vespa au gari, anatoka mji anaelekea Paje, njiani kaona kibao cha 50. Akikisoma kwa akili ya kwao, maili 50 ni kilomita 80! Na njia yetu ina mbuzi, watoto wa skuli, mkokoteni wa ng'ombe, na daladala inayosimama ghafla bila taa. Kwahiyo anaekodisha chombo usimalizie kwenye "the speed limit is fifty". Sema "The limit is fifty kilometres, so about thirty miles an hour". Maneno machache tu hayo ya ziada.

Na kuna "over the limit". Mwingereza akikwambia "I can't ride, I'm over the limit" hazungumzii mwendo wala uzito wake. Anasema kalewa kuliko kipimo cha sheria ya udereva. England kipimo ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, Scotland wamepunguza ikawa 50 tangu 2014. Akikwambia hivyo usimbishie, mwitie teksi.

Hatua ya 4: restrict, mlango una mtu amekaa

Restrict nayo ya Kilatini, kutoka neno la kukaza, kubana kamba. Kitu kipo, kinatumika, lakini kimebanwa. Pale bandarini na uwanja wa ndege mmeona kibao cha RESTRICTED AREA, haina maana hakuna anaeingia, wapo wanaoingia, wenye vitambulisho. Weye na mie ndo hatuingii. Ukitaka kulisema: "Access is restricted to staff", wanaingia wafanyakazi tu. Tena ile to.

Mfano mzuri wa maneno yote matatu kuwa sehemu moja ni Chumbe. Kisiwa kile tangu 1994 ni hifadhi, na miamba yake wageni wanaifata kutoka mbali. Kuvua hapo hairuhusiwi: "Fishing is banned". Kuzama na mitungi ya hewa mgeni wa kawaida haruhusiwi, ila watafiti kwa kazi maalum, yeye mgeni atapewa miwani na mpira wa kupumulia aelee juu atizame: "Diving is restricted to researchers, but you can snorkel". Na nyumba za kulala wageni zipo 7 tu kisiwa kizima: "Overnight guests are limited because there are only seven bungalows". Ukiweza kuzisema jumla hizi tatu bila kuzichanganya mie nakupa cheti, japokuwa sina pa kukitoa.

Hapo sasa ndo nlipokwambia mistari inavuka. Utasikia "limited to staff" pia, na utasikia "restricted to two bags". Waingereza wenyewe wanabadilishana haya mawili na hakuna anaestuka. Ambacho hawakifanyi ni kutumia limited mahali pa banned. Kwahiyo ukichanganya limited na restricted umeteleza, ukichanganya limited na banned umeanguka na sahani.

Hatua ya 5: ban, prohibit, forbid. Yote ni marufuku, tizama nani anasema

Ban ni ya wenye mamlaka, serikali, chama cha mpira, hoteli, na mara nyingi kitu kilikuwepo kikaondolewa. Mifuko ya plastiki ndo mfano wetu, Zanzibar ilipiga marufuku 2006 na bara wakaja kufata 1 Juni 2019. Mgeni akishuka na mifuko ya rambo mikononi mwambie "Plastic bags are banned here", anaelewa papo hapo. Ban haimung'unywi kama halwa, ni neno fupi na linapiga.

Prohibit ni ya karatasi na vibao. Hakuna mtu anaongea hivyo kwa mdomo, ukimwambia mgeni kwenye chai "smoking is prohibited" utasikika kama polisi anaesoma shitaka. Kiache ukutani.

Forbid ni ya mzazi, ya dini, ya desturi. Na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu linatuhusu. Mgeni anakukaribisha bia, unataka kumwambia dini yangu hairuhusu. Sema "My religion forbids it", au kwa wepesi zaidi "I don't drink, thank you", na hiyo ya pili ndo bora, haimfanyi ajione kakosa. Usije ukasema "I'm banned from alcohol". Nlimsikia kijana mmoja Nungwi kasema hivyo, na mgeni akamuonea huruma kweli, akamshika bega akamuuliza tangu lini na anaendeleaje, kwa sababu alichofahamu ni kwamba kijana alikua mlevi wa kupindukia mpaka kakatazwa na daktari au mahakama!

Namna ya kuyaunganisha: ban na prohibit zinataka from na kitendo chenye -ing, "They banned boats from stopping here". Forbid kwa asili inataka to, "My mother forbade me to swim", ingawa siku hizi na from wanasema. Iliyopita ni forbade, sio forbided, na kutendewa ni forbidden. Allow inataka to. Zaidi ya hapo tusijiumize.

Hatua ya 6: sahau yote hayo ukiwa unaongea

Sijatania. Maneno yote niliyoyaeleza ni ya kuandikia na ya kusomea. Kwa mdomo, Mwingereza anakataza kwa maneno madogo: "You can't swim here." "You're not allowed in there." "Sorry, no shoes inside." Basi. Na wanapenda sana kuambiwa sababu, hata iwe fupi. "You can't swim here" peke yake inaleta mabishano, "You can't swim here, it's the boat channel" inaleta shukrani.

Jaribu hili la mavazi, maana ndo linalotutesa kila msimu. Dada wa kizungu anatoka pwani na chupi ya kuogelea anapita katikati ya kijiji, wazee wamekaa barazani wanainamisha macho. Usimwambie "bikini is forbidden", ataona kama kamuudhi Mungu na nchi nzima. Mwambie taratibu, "Could you cover your shoulders and knees in the village, please? On the beach it's fine." Umemwekea mpaka bila kutaja neno hata moja la mpaka. Shoga yangu mmoja wa Jambiani anaekodisha baskeli kaongeza kitu chake, yeye anakua na kanga kikapuni, anasema maneno hayo huku anamkabidhi kanga, na nusu yao wanataka kuinunua.

Hatua ya 7: ndugu wengine, haraka haraka

Cap ni limit ya pesa na namba kwa juu, "prices are capped". Curb ni kupunguza kitu kibaya kilichozidi, utaliona kwenye magazeti. Confine ni kubakishwa ndani ya sehemu, mgonjwa ni "confined to bed". Restrain ni kumshika mtu kwa nguvu asifanye fujo, au kujizuia mwenyewe ulimi. Constraint ni kitu kinachokubana kama muda au fedha. Limitation ni upungufu wa kitu au mtu, boti ya fibre ina limitations zake mawimbi yakichafuka, usiite limits.

Misemo mitatu ya kukaa nayo. "Off limits" sio nje ya kiwango, ni pasipoingilika, jiko kwa mgeni ni off limits. "The sky's the limit" maana yake hakuna mwisho, tajiri anaekodi boti nzima akikwambia hivyo kuhusu bei, changamka. Na "that's the limit!" kwa Waingereza watu wazima ni kama siye kusema fulani kachupa mipaka, ukiisikia mapokezi ujue kiyoyozi kimezima tena.

Hatua ya 8: ulimi

Siye tunagandisha irabu mwisho na tunapiga mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, ndo lugha yetu ilivyo, kwahiyo tunasema li-MI-ti. Wao mkazo uko mwanzo, LI-mit, na t inakatwa hapohapo kama umekanyaga moto. Limited ni LI-mi-tid. Restrict ni ri-STRIKT, usitie irabu katikati ya zile konsonanti hata zikikukaba. Prohibit ni pro-HI-bit, ila prohibition ile h inameza, pro-i-BI-shen, usiniulize kwanini.

Hatua ya 9: andika kibao chako upya

Meneja alinipa ubao uleule nikaupaka rangi upya. Safari hii nikaanza na swali la mwamba. Nataka wakoge kidogo? Hapana. Nataka wakoge baadhi yao? Hapana. Nataka asikoge mtu. Basi no, na sababu yake, na pa kwenda badala yake. Nikaandika NO SWIMMING, chini yake BOATS, chini yake mshale na PLEASE SWIM THAT WAY. Yule mama wa dakika tano alipita akakisoma akaniinulia kidole gumba.

Siku ya tatu natoka asubuhi nakuta Mtaliana na watoto wake wawili wamo katikati ya njia ya boti, wanapiga mbizi. Nikakimbia na kibao changu mkononi. Akakitazama, akatabasamu, akanambia hajui Kiingereza. Nahodha akanambia haya Limitedi, kazi kwako. Sasa najua "vietato", nimeliandika chini ya lile no kwa rangi nyekundu, na kama kuna anaejua Kitaliano humu naomba anambie linatakiwa lifuatwe na nini, maana mpaka leo nimelisimamisha peke yake.